"Sorry" ni pole au ni samahani?

Siku ya tatu ya msiba wa mume wa shangazi yangu, simu yake iliita mlio wa WhatsApp. Tulikuwa tumekaa mkekani barazani, watu wa asubuhi wameshaondoka na wa mchana hawajafika. Miwani yake ilikuwa chumbani, akanipa simu nimsomee. Ujumbe ulitoka Birmingham, Uingereza, kwa mtoto wa baba mdogo, aliyezaliwa na kukulia hukohuko. Sentensi moja tu ya Kiingereza: "Auntie, I'm so sorry."

Shangazi hakukaa darasani muda mrefu, ila neno hilo analijua. Wajukuu zake wanalo mdomoni kutwa: wakivunja glasi, wakichelewa kurudi, wakipita na viatu kwenye zulia.

"Sori ya nini?" akauliza. "Huyu mtoto amenikosea nini?"

Nikamwambia, anakupa pole, shangazi. Akaitikia, "Ahsante mwanangu, tumeshapoa," kama vile kijana yuko mbele yake, akaniagiza nimjibu hivyohivyo. Kisha akamgeukia jirani, wakaendelea na habari ya mchele wa kesho.

Kwake yakawa yamekwisha.

Mimi swali lake lilinikaa. Nikipanda daladala nalisikia. Nikifungua barua pepe za kazini nalisikia. Kila palipotokea "sorry", nilijikuta nauliza alichouliza yeye: huyu anahuzunika, au anakiri kosa? Nikaanza kufuatilia neno lenyewe lilikotoka, nikidhani nitamaliza jioni moja. Lilinipeleka mbali zaidi, hadi Songea.

Kidonda

"Sorry" limo katika Kiingereza tangu kabla Wanormani hawajavuka bahari kuiteka Uingereza mwaka 1066. Enzi hizo lilikuwa "sarig", na lilizaliwa na "sar", yaani maumivu, jeraha. Ndilo "sore" la leo, lile unalomtajia daktari unapoumwa koo. Mtu aliyekuwa "sarig" alikuwa mtu mwenye moyo unaouma. Basi. Kosa halikuwamo.

Na hapa pana jambo lililonishangaza. "Sorrow", huzuni, ambalo ukilitazama unaapa ni ndugu yake, asili yake ni nyingine kabisa. Limetoka "sorg", wasiwasi na masumbuko, na Wajerumani wanalo hadi leo kama "Sorge". Yale mawili yaliishi jirani karne nyingi, sauti zikakaribiana, maana zikaingiliana, mpaka irabu ndefu ya "sarig" ikafupika na kugeuka kuwa ile ya jirani yake.

Kwa hiyo kijana wa Birmingham alikuwa amelitumia neno kwa maana yake ya kale kuliko zote. Shangazi alilisikia kwa maana iliyokuja baadaye sana.

Lilihamaje? Ninavyoelewa, lilihama kidogokidogo, ndani ya vinywa vya watu. Ukimpiga mtu kumbo kisha ukasema "I am sorry that I struck you", unachosema ni kwamba moyo unakuuma kwa sababu umempiga. Unaeleza hali yako wewe. Msikilizaji ndiye anayejaza kilichobaki: kama kinamuuma, basi anajua amekosa. Kwa mazoea, kile kilichojazwa na msikilizaji kikawa ndiyo maana yenyewe. Karne ya 19 watu walikuwa wameshalikata likabaki peke yake, "Sorry!", la kutupa njiani ukikanyagana na mtu. Siku hizi hata usiposikia vizuri alichosema mwenzako, unamwambia "Sorry?" naye anarudia.

Nilipofika hapo nilisimama kidogo.

Maana ukilitazama vizuri, "sorry" halimwombi mwenzako chochote. Linamhusu msemaji na moyo wake. Samahani inaomba. "Niwie radhi" inaomba, tena inamwachia mwenzako mlango wa kukataa: radhi ni yake, anaweza kuitoa au kuinyima. Pole nayo haiombi, inatoa. "Sorry" imekaa katikati, na aliyeisema anaweza kuivuta upande wowote utakaomfaa.

Ndugu wawili wa heshima

Kiingereza kina maneno mengine mawili ya namna hii, yanayovaliwa suti. Nayo yana historia zao.

"Apology" lilitoka Kigiriki, "apologia", na maana yake ilikuwa utetezi mahakamani. Mwanafalsafa Socrates alipohukumiwa Athens mwaka 399 K.K., maneno aliyojitetea nayo ndiyo yanayoitwa hivyo, na katika maneno hayo hakumwomba mtu msamaha hata mara moja. Aliwaambia waamuzi kwamba alichostahili ni kulishwa kwa gharama ya mji. Maana ya kukiri kosa ilikuja baada ya karne nyingi.

"Regret" lilipitia Kifaransa cha kale, ambako "regreter" ilikuwa kumlilia maiti, kuomboleza. Yaani nalo lilianzia msibani. Leo ndilo neno wanalolipenda wanadiplomasia, na ndilo linalowatesa wafasiri wetu, kwa kuwa Kiswahili kinakulazimisha uchague. Je, ni kusikitika au ni kujuta? Kusikitika naweza kusikitikia lolote, hata mafuriko ya nchi nisiyoijua. Kujuta siwezi kujuta alichofanya mwingine. Majuto ni mjukuu, na mjukuu ana babu yake.

Dereva aliyenyamaza

Mwaka 1974, katika jimbo la Massachusetts, Marekani, binti wa seneta mmoja wa jimbo aligongwa na gari akiwa kwenye baiskeli, akafariki. Dereva hakuwahi kuieleza familia kwamba ameumia kwa yaliyotokea. Baba alikuja kuambiwa kwamba dereva asingethubutu: neno hilo lingeweza kupelekwa mahakamani kama ushahidi kwamba amekiri.

Fikiria nyumba ile. Umefiwa na mtoto, na mtu wa mwisho kumwona akiwa hai hawezi kukupa hata pole, kwa kuwa lugha yake haikumpa neno la pole lisilokuwa na kosa ndani yake.

Seneta yule alipostaafu, alishirikiana na aliyemrithi kiti, na mwaka 1986 Massachusetts ikapitisha sheria kwamba maneno au vitendo vya kumfariji aliyepatwa na ajali, au jamaa zake, visitumike kama ushahidi wa kukiri kosa. Majimbo mengine ya Marekani yakafuata. Kanada, British Columbia ilipitisha sheria yake mwaka 2006 na Ontario mwaka 2009, nazo zikaenda mbali zaidi: zinalinda hata maneno ya kukiri. England na Wales nao wakaweka kifungu mwaka 2006 kwamba kuomba radhi pekee si kukubali uzembe.

Sina uhakika nisimame wapi juu ya sheria hizi. Kwa upande mmoja naziona zimelirudishia neno utu wake. Daktari anaweza kumshika mkono mama aliyefiwa akasema linalomuuma. Kwa upande wa pili, radhi isiyoweza kumgharimu aliyeitamka inanitia shaka. Mama huyo atajuaje kama ameambiwa ukweli au amesomewa sheria?

Nimelizungusha hili kichwani na bado halijatulia.

Barua ya Beijing

Mfano mfupi, kwa sababu unaonyesha jinsi pengo hilo, kati ya kuhuzunika na kukiri kosa, linavyoweza kuwafaa wakubwa.

Tarehe 1 Aprili 2001, ndege ya upelelezi ya Marekani iligongana na ndege ya kivita ya China karibu na kisiwa cha Hainan. Rubani wa Kichina, Wang Wei, alifariki. Ndege ya Marekani ilitua kisiwani na watu wake 24 wakashikiliwa. China ilidai kuombwa radhi, Marekani ikasema haina kosa la kuombea radhi. Tarehe 11 Aprili ilitolewa barua iliyosema Marekani ni "very sorry" mara mbili: kwa kifo cha rubani, na kwa ndege yake kuingia anga ya China na kutua bila ruhusa ya maneno. Beijing ikawaambia watu wake imeombwa radhi. Washington ikawaambia wa kwake haikuomba.

Watu 24 walirudi nyumbani, na sidharau hilo. Ila mjane wa Wang Wei alipewa neno ambalo waliolituma walikuwa wamekwisha kulikana.

Neno angani

Australia ndiko nilikokaa muda mrefu zaidi, kusoma na kusikiliza.

Tangu mwanzoni mwa karne ya 20 hadi miaka ya 1970, serikali za huko ziliwachukua watoto wa Waaborijini na wa visiwa vya Torres Strait kutoka kwa mama zao, zikawapeleka kwenye taasisi na kwa familia za wazungu. Mwaka 1997 ilitoka taarifa ya uchunguzi iliyojaa ushahidi wa waliochukuliwa, na pendekezo mojawapo lilikuwa kwamba mabunge yaombe radhi. Waziri Mkuu John Howard alikataa. Hoja yake ilikuwa kwamba kizazi cha leo hakiwezi kubeba makosa ya waliotangulia. Mwaka 1999 alipeleka bungeni azimio lenye "deep and sincere regret", masikitiko ya dhati. Neno watu walilolitaka halikuwamo.

Wananchi wakaanza kulisema wenyewe. Mwaka 1998 yaliwekwa madaftari yaliyoitwa Sorry Books kwenye maktaba na mashule, watu wakaenda kuandika majina yao. Tarehe 28 Mei 2000, watu wapatao 250,000 walivuka kwa miguu daraja la bandari ya Sydney. Juu yao ndege ilikuwa ikiandika kwa moshi mweupe, herufi moja baada ya nyingine, neno moja: SORRY.

Nimeitazama picha ile mara nyingi. Neno lilelile la mtoto aliyevunja glasi, limetandazwa angani, na chini yake watu wamesimama wakilisoma.

Miaka 8 baadaye, tarehe 13 Februari 2008, Kevin Rudd, waziri mkuu mpya, alilisema bungeni. Alitaja sheria na sera za mabunge na serikali zilizofuatana. Akataja mama na baba, kaka na dada, familia zilizovunjwa. Na kila alipomaliza fungu, alirudia: "we say sorry". Kwenye viwanja vya miji watu walikuwa wakifuatilia kwenye skrini kubwa, wazee waliochukuliwa wakiwa watoto wakilia waziwazi. Fidia haikuwamo katika hotuba ile, na wapo waliosema papo hapo kwamba haitoshi. Walikuwa na haki ya kusema hivyo.

Lakini lipo jambo jingine. Katika Kiingereza cha Waaborijini, "sorry business" ni shughuli za msiba: kukusanyika, kuomboleza, kumsindikiza marehemu. Kwao neno lile halikuwahi kuondoka kwenye kidonda. Kwa hiyo siku ile bungeni walisikia vyote viwili kwa pamoja, mtu anayekiri na mtu aliyekuja kukaa nao matangani.

Nikaikumbuka Afrika Mashariki. Ukijikwaa kwenye korido ya ofisi yoyote Nairobi, Kampala au Dar, utasikia "Sorry!" kutoka meza tatu ambazo hata hazikukugusa. Wageni hutushangaa, wanajibu "si kosa lako". Sisi tunajua si kosa letu. Tunakupa pole.

Hapa kwetu nako

Kuna jioni nilikuwa karibu kuandika kwamba Kiswahili kimetuokoa, kwamba mwenye pole, samahani na radhi hawezi kudanganyika. Kesho yake nikapita kwenye mlango wa ofisi moja, nikakuta karatasi imebandikwa kwa gundi ya karatasi: "Huduma zitasitishwa kwa muda. Tunaomba radhi kwa usumbufu wowote utakaojitokeza."

Isome polepole. Radhi inaombwa kabla ya kosa, kwa usumbufu ambao haujulikani, utakaojitokeza wenyewe kama uyoga. Mkosaji hayumo. Aliyekosewa hayumo. Wala hayupo mtu wa kumjibu kwamba radhi ametoa au amekataa.

Na nimeshasikia mkubwa akiwaambia watu waliobomolewa vibanda, "Poleni sana." Pole ni neno zuri mno, ila likitoka kwa aliyeagiza kubomoa, linamgeuza kuwa mpita njia. Anakuja kuomboleza kwenye msiba aliouleta yeye.

Basi tatizo halikuwa uchache wa maneno. Nikaanza kutazama sentensi nzima, na hasa kitu kimoja tulichofundishwa shule ya msingi: mtenda ni nani?

Nairobi Jumanne, Songea Jumatano

Tarehe 6 Juni 2013, William Hague, waziri wa mambo ya nje wa Uingereza, alisimama bungeni London kuzungumzia Wakenya walioteswa na serikali ya kikoloni wakati wa Mau Mau. Alitangaza pauni milioni 19.9 kwa wadai 5,228. Alikubali kwamba mateso yalikuwepo, na kwamba waliotesa walikuwa utawala wa kikoloni. Kisha ikaja sentensi yenyewe: serikali ya Uingereza inasikitika kwa dhati kwamba matendo haya yalitokea. "Took place." Yalitokea. Katika hotuba hiyohiyo akasema serikali inaendelea kukana kuwajibika kisheria.

Wazee wale walikuwa wamekwenda hadi Mahakama Kuu ya London wakiwa na mikongojo. Pesa walipata, kumbukumbu ilijengwa Uhuru Park mwaka 2015. Sentensi waliyopewa haikuwa na mtenda.

Jumanne tarehe 31 Oktoba 2023, Mfalme Charles alikuwa Nairobi, kwenye dhifa ya Ikulu. Alisema maovu ya zamani yanaleta "the greatest sorrow and the deepest regret", na kwamba vitendo vya ukatili dhidi ya Wakenya havikuwa na udhuru. Nilisikiliza mara kadhaa. "Sorrow" lipo, lile neno la jirani. "Regret" lipo, lile la kuomboleza. "Sorry" halikutamkwa. Mwaka mmoja kabla yake, Juni 2022, Mfalme Philippe wa Ubelgiji alikuwa amesema jambo la namna hiyo Kinshasa, kwa Kifaransa: "regrets". Mwishoni mwa mwaka ule kamati ya bunge la Ubelgiji iliyochunguza ukoloni ilivunjika bila kukubaliana, na kilichowashinda kilikuwa suala la kuomba radhi, kwa hofu ya kudaiwa fidia.

Ile hofu ya dereva wa Massachusetts. Tofauti ni kwamba dereva yule alikuwa mtu mmoja aliyeogopa. Hawa wana wanasheria wa kuwapimia kila silabi.

Kesho yake, Jumatano tarehe 1 Novemba, Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alikuwa Songea, kusini mwa Tanzania, kwenye makumbusho ya Majimaji. Vita ile ya 1905 hadi 1907 na njaa iliyofuata, baada ya jeshi la Wajerumani kuchoma mashamba na maghala, hukadiriwa kuua hadi watu 300,000. Nduna Songea Mbano, mmoja wa viongozi wa Wangoni katika vita hiyo, alinyongwa mwaka 1906. Ukoo wake unaamini kichwa chake kilipelekwa Ujerumani, na wajukuu wamekuwa wakikiulizia.

Steinmeier alisema kwamba, kama rais wa Ujerumani, anataka kuomba msamaha kwa yale ambayo Wajerumani waliwatendea mababu zenu hapa.

Niliirudia ile sentensi. Mtenda yupo: Wajerumani. Mtendwa yupo: mababu zenu. Mahali papo: hapa. Na kitenzi ni kuomba, kitu ambacho waliokaa mbele yake wangeweza kukikubali au kukikataa.

Kwangu mimi huo ndio mpaka. Sijali tena sana kama mtu amesema "sorry", "apology", radhi au samahani. Natafuta nani alimfanya nani nini, kisha natazama kama aliyefanyiwa ameachiwa nafasi ya kujibu.

Najua wapo wanaosema maneno ya rais hayajazi tumbo, na kwamba hotuba ile haikuahidi fidia. Ni kweli haikuahidi. Hata juu ya kichwa cha Nduna Songea, aliwaambia wajukuu kwamba watajaribu kukitafuta, lakini hawezi kuwaahidi kwamba kitapatikana, kwa kuwa kutambua mabaki ni kazi ngumu hata kwa wataalamu. Katika yote aliyosema siku ile, hilo ndilo lililonifanya nimwamini, na ndilo linalompa kila mmoja wetu haki ya kuuliza, mwaka hadi mwaka, utafutaji umefikia wapi.